Nani Alisema "Karibuni"? Huduma ya Mume na Mke kwa Jirani katika Nyumba Mbili za Wachungaji wa Karne ya 16

1. Utangulizi

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rwanda na Tanzania pale Rusumo katika muda wa saa 24. Wakati huo sisi tulikuwa tukiishi wilaya ya Karagwe, mbali kidogo na daraja lile, na baba yangu alikuwa mwinjilisti. Hazikupita siku nyingi wakimbizi wakafika mpaka kijijini kwetu. Jioni moja tuliona watu kumi na mmoja wamesimama uani, wazee na watoto, na mwanamke mmoja aliyebeba sufuria tupu kichwani. Baba akatoka nje, akasema, "Karibuni." Walikaa kwetu siku tisa.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimekwisha kubarikiwa kuwa mchungaji, nilimwuliza mama anakumbuka nini juu ya jioni ile. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu: "Baba yako alisema karibuni. Mimi nilikwenda kutafuta maji."

Mama hakusema hivyo kwa kulalamika. Aliwapenda watu wale, na mmoja wao alikuja kumwita dada. Hata hivyo jibu lake limenifuata katika ofisi na darasani. Kila mara tunaposoma kwamba mtumishi fulani "pamoja na mkewe" alifungua nyumba yake kwa wahitaji, najiuliza: Je, wote wawili walijitolea? Au mmoja alijitolea, na mwenzake akatolewa?

Katika makala hii nataka kulipeleka swali hilo kwenye historia ya Matengenezo ya Kanisa. Wakati huo ndipo nyumba ya mchungaji mwenye mke ilipoanza kuwa kitu cha kawaida katika kanisa letu. Nitatazama kwa ufupi nyumba ya Martin Luther na Katharina von Bora huko Wittenberg, kisha kwa kirefu zaidi nyumba ya Matthäus Zell na Katharina Schütz huko Strasbourg. Nyumba hii ya pili haijulikani sana kwetu, lakini ina jambo ambalo ni adimu katika nyaraka za wakati ule: mke mwenyewe aliandika.

2. Mfano wa Maandiko

Kabla ya kufika Wittenberg tupite Korintho. Akila na Prisila walikuwa wakimbizi, maana walitoka Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio (Mdo. 18:2). Walishona mahema kwa mikono yao, na Paulo akakaa kwao akifanya kazi hiyo hiyo. Huko Efeso walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamfafanulia Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Mdo. 18:26). Paulo anawashukuru kwa kuwa walihatarisha maisha yao kwa ajili yake, na analisalimu kanisa lililo katika nyumba yao (Rum. 16:3-5).

Agano Jipya linawataja watu hawa mara sita, na kila mara wanatajwa pamoja. Katika matini ya Kiyunani inayotumiwa na wataalamu wengi leo, mara nne kati ya hizo jina la mke linatangulia. Wafasiri wamepatafutia jambo hili sababu mbalimbali, wala sina haja ya kuzipima hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba mtume alipowashukuru wenye nyumba, alishukuru watu wawili kwa majina yao. Hakumshukuru Akila na "familia yake".

3. Wittenberg, mwaka 1527

Luther na Katharina von Bora walioana tarehe 13 Juni 1525. Walikaa katika jengo kubwa lililokuwa monasteri ya Waagustino, na jengo hilo likawa nyumba yenye wageni wakati wote: wanafunzi, ndugu, watawa waliokimbia, wasafiri. Katharina alilima bustani, alifuga mifugo, alipika bia na kutunza hesabu. Bila kazi hiyo ukarimu wa Luther ungeishia katika maneno, kwa sababu mume huyu hakuwa mtu wa kuhesabu fedha.

Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na Mkuu wa Saksonia alimtaka Luther aondoke pia. Luther alibaki pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen, ambaye baadaye alihamia katika nyumba ya Luther pamoja na jamaa yake. Nyumba ile ikawa kama hospitali. Katika kipindi hicho Luther aliandika jibu lake kwa Johann Hess wa Breslau juu ya swali kama Mkristo anaruhusiwa kuukimbia ugonjwa unaoua. Hoja yake inajulikana kwa wanafunzi wetu: mwenye wajibu kwa wengine, kama vile mchungaji, mtawala au mzazi, asiwaache walio chini ya uangalizi wake. Asiye na wajibu huo, na ambaye nafasi yake imeshikwa na mwingine, anaweza kuondoka bila dhambi. Tena dawa na tahadhari zitumike, maana kumjaribu Mungu si imani.

Tunapoifundisha hoja hiyo, mara nyingi tunamwona Luther peke yake amesimama kitandani pa wagonjwa. Lakini mwaka ule Katharina alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kwanza, Hans, aliyezaliwa Juni 1526, aliugua. Mke wa shemasi Georg Rörer, aliyekuwa mjamzito vilevile, alifariki kwa tauni. Tarehe 10 Desemba 1527 Katharina alimzaa Elisabeth, na mtoto huyo alikufa tarehe 3 Agosti 1528, kabla ya kutimiza mwaka.

Je, Katharina alikuwa na wajibu gani kwa kipimo cha mumewe mwenyewe? Alikuwa mzazi wa mtoto mchanga, na mlinzi wa mwingine aliyekuwa bado tumboni. Je, wito wake ulikuwa kubaki au kuondoka? Na nani aliamua? Hapo mwanahistoria hana budi kunyamaza, kwa sababu barua za Katharina zilizobaki ni chache mno, na hakuna hata moja inayotueleza moyo wake mwaka ule. Tunamwona kupitia barua za mumewe tu. Yawezekana alibaki kwa hiari na kwa ujasiri mkuu. Tabia yake yote inatuelekeza huko. Lakini kudhani si kusikia. Kwa sababu hiyo twende Strasbourg.

4. Strasbourg: nyumba ya Zell

Matthäus Zell alizaliwa mwaka 1477 huko Kaysersberg, na tangu mwaka 1518 alikuwa kasisi wa parokia katika kanisa kuu la Strasbourg. Alipoanza kuhubiri mafundisho ya Matengenezo alizuiwa kutumia mimbari kubwa ya mawe; mafundi seremala wa mji wakamtengenezea mimbari ya mbao ya kuhamishika. Katharina Schütz, aliyezaliwa mwaka 1497 au 1498, alikuwa binti wa fundi seremala. Waliposimama mbele ya Martin Bucer kufunga ndoa, tarehe 3 Desemba 1523, tendo hilo halikuwa la kibinafsi tu. Askofu aliwatenga na kanisa mapadre wote wa mji waliooa. Katharina alijibu kwa kalamu: mwaka 1524 alichapisha utetezi wa ndoa ya mapadre na wa mumewe.

Mwaka huo huo ulikuja mtihani wa kwanza. Katika mji mdogo wa Kenzingen, ng'ambo ya mto Rhine, mchungaji Jakob Other alifukuzwa kwa sababu ya mahubiri yake. Wanaume wapatao 150 walimsindikiza, na walipotaka kurudi wakakuta mji umeshikwa na askari wa watawala wa Austria. Wakakimbilia Strasbourg. Kwa maelezo ya Katharina mwenyewe, wanaume 80 walipokelewa katika nyumba yao usiku wa kwanza, na kwa majuma kadhaa hawakupungua 50 au 60 mezani pake. Hao walikuwa watu waliooana kwa muda wa miezi michache tu.

Lakini Katharina aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Wanaume walikuwa wamefika mahali pa usalama, ila wake zao walibaki Kenzingen mikononi mwa askari. Akawaandikia wanawake wale barua ya faraja, nayo ikachapishwa. Aliwakumbusha imani ya Abrahamu, akawatia moyo wasimame imara. Kwa hiyo mtu mmoja ndiye aliyepika chakula cha wakimbizi na kuandika waraka wa kichungaji kwa jamaa zao. Sisi tumezoea kuzigawa kazi hizi mbili kati ya watu wawili, kisha kuiita moja huduma na nyingine msaada.

Mtihani wa pili ulikuwa mkubwa kuliko ule. Mwezi Mei 1525 vita vya wakulima vilimalizika katika eneo la Alsace kwa mauaji makubwa huko Saverne. Wajane, watoto na majeruhi waliingia Strasbourg; idadi inayotajwa kwa kawaida ni watu 3,000 hivi, katika mji ambao wakazi wake walikuwa kama 20,000 au zaidi kidogo. Nyumba moja isingeweza kuwabeba. Hapo Katharina alishirikiana na Lukas Hackfurt, msimamizi wa mfuko wa maskini ambao halmashauri ya mji ilikuwa imeuanzisha upya mwaka 1523. Wakimbizi walipangiwa mahali pa kulala, na wenyeji wa mji wakaombwa kuwalisha. Hatua hii ni ya maana kwa hoja yetu. Ukarimu wa nyumba moja ulitosha kwa usiku wa kwanza. Baada ya hapo ulitafuta mkono wa jamii nzima, na wale waliojitolea hawakuona aibu kuuomba.

Mwezi Septemba 1529 Zwingli na Oecolampadius walipitia Strasbourg wakienda Marburg kwa mazungumzo na Luther. Walikaa katika nyumba ya Zell muda wa majuma mawili hivi, na Katharina alieleza baadaye kwamba siku zile alikuwa mtumishi na mpishi wao. Hakuidharau kazi ya jikoni, na hakukubali kwamba hiyo ndiyo kazi yake pekee. Mwaka 1538 yeye na mumewe walifunga safari ndefu mpaka Wittenberg kumwona Luther. Kati ya safari hizo na wageni hao walizaliwa watoto wao wawili, na wote wawili walikufa wangali wadogo. Ni vema tulikumbuke hilo tunapoisifu meza iliyojaa wageni.

5. Ushuhuda wa mke

Tunajuaje mambo haya? Sehemu kubwa imetoka katika maandishi ya Katharina ya mwaka 1557, na maandishi hayo yalizaliwa na ugomvi. Ludwig Rabus, kijana aliyewahi kuishi katika nyumba ya Zell, alikuwa mrithi wa Zell katika utumishi, kisha akahamia Ulm. Alimshambulia Katharina kwamba anausumbua mji na kanisa, na kwamba amefuata walimu wa uongo. Katharina akawajibu watu wa Strasbourg kwa kitabu, akieleza kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Kwa hiyo tunapaswa kuyasoma maneno yake kama utetezi wa mtu aliyeumizwa. Idadi ya wageni ni yake, na sifa za mumewe ni za mjane anayemkumbuka mpendwa wake. Hata hivyo aliandika mbele ya watu wa mji ule ule, na wengi wao waliyaona mambo hayo kwa macho yao.

Katika maelezo yake kuna habari moja ambayo naiona kuwa moyo wa jambo zima. Anasema kwamba mumewe alimpa nafasi na ridhaa ya kusoma, kusikiliza, kuomba na kushughulika na kila jambo jema, asubuhi na jioni, mchana na usiku. Tena alilifurahia hata pale ambapo mahitaji yake mwenyewe na mambo ya nyumba yalikosa uangalizi.

Hebu tulitafakari. Matthäus Zell alikuwa mtu wa makamo, karibu miaka ishirini zaidi ya mkewe, mhubiri anayependwa na watu wengi. Kwa desturi ya wakati wake, na ya wakati wetu, alikuwa na haki ya kudai chakula kwa saa yake na nguo safi. Alichokitoa sadaka ni haki hiyo. Kujitolea kwake hakukuishia mlangoni anaposema "Karibuni"; kuliendelea mezani anapokubali kula baridi kwa sababu mkewe yuko kwa wagonjwa au ameketi na kalamu yake. Basi nyumba hii haikuwa na mtoaji mmoja na msaidizi wake. Kila mmoja alimwachilia mwenzake kwa ajili ya jirani, na kila mmoja alilipa gharama.

Hapa mafundisho yetu ya wito yanapata nyama na mifupa. Luther alifundisha kwamba Mkristo ni huru, haweki tumaini katika matendo yake, na kwa sababu hiyo anaweza kumtumikia jirani bila kulazimishwa. Kama uhuru ni mzizi wa huduma, basi huduma ninayompangia mwenzangu bila kumwuliza nimeing'oa mzizi wake. Inaweza kuwashibisha wageni, na ni vema washibe. Lakini mbele ya Mungu nimetoa kitu kisicho changu.

6. Baada ya mume kufa

Historia ya huduma ya mume na mke haiishii mume anapozikwa. Zell alifariki Januari 1548. Baada ya Bucer kuhubiri, Katharina mwenyewe alisema na watu waliokusanyika kaburini. Mwaka 1549 Bucer na Paul Fagius walipolazimika kuondoka mjini kwa sababu ya masharti ya Kaisari juu ya dini, Katharina aliwahifadhi nyumbani mwake kabla hawajaenda Uingereza. Katika miaka ya 1550 alimuuguza mpwa wake aliyekuwa na kaswende, akakaa naye katika nyumba ya wagonjwa wa namna hiyo. Alipoona hali yao mbaya aliiandikia halmashauri ya mji akitaka irekebishwe. Mwaka 1562, akiwa mgonjwa, alikwenda alfajiri kuongoza mazishi ya mwanamke ambaye wachungaji wasingekubali kumzika bila kwanza kuilaumu imani yake. Katharina alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo.

Tukiona hayo tunaelewa kwamba huduma ya Katharina haikuwa kivuli cha mumewe. Kivuli hakibaki mwili ukiondoka. Lakini tunaona pia jinsi kanisa lilivyomtendea: aliyeitwa mama wakati mchungaji yu hai, aliitwa msumbufu alipobaki peke yake.

Wittenberg hali haikuwa bora. Mwaka 1542 Luther aliandika wosia wa kumfanya Katharina mrithi wake, kwa sababu alijua sheria za Saksonia hazimlindi mjane. Alipofariki tarehe 18 Februari 1546 wosia huo ulipingwa, na Katharina aliishi miaka yake ya mwisho katika vita, madeni na uhamisho. Mwaka 1552 alikuwa akiikimbia tauni alipopata ajali njiani, akafariki Torgau tarehe 20 Desemba. Mwanamke aliyewatunza wagonjwa wa tauni katika nyumba yake hakupata pa kukimbilia palipo salama.

7. Mafunzo kwa sharika zetu

Kwanza, mwenye nyumba aulizwe kabla ya mgeni kukaribishwa, na wenye nyumba ni wawili. Najua mgeni wa usiku hangoji kikao. Lakini zipo huduma nyingi zinazopangwa miezi kabla, kama vile kulea yatima, kulaza wageni wa semina, kuwatembelea wagonjwa na kufundisha vijana, na mama mchungaji anasikia habari zake kwa mara ya kwanza zinapotangazwa kanisani. Siku hizi tunao pia wachungaji wanawake, na waume zao wanastahili kuulizwa vilevile. Wengi wao wangeitikia kwa furaha.

Pili, usharika usiigeuze nyumba ya mchungaji kuwa mfuko wa maskini. Usiku wa kwanza nyumba ifunguliwe. Siku ya pili wazee wa kanisa wakutane, kila mtaa ulete unga na maharage, na zamu ya kuchota maji ijulikane. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kisiwe cha mama mmoja.

Tatu, tuandike majina. Vitabu vya kumbukumbu vya sharika zetu vimejaa majina ya walimu, wainjilisti na wachungaji waliojenga makanisa. Ni mara ngapi humo ameandikwa mke aliyewapikia mafundi na kuwafundisha wanawake wa kijiji? Wanafunzi wanaoandika tasnifu za historia ya sharika wawatafute wajane hao wangali hai, wawaulize, na waandike wanachojibiwa, hata kama ni sentensi mbili tu.

Nne, tumfikirie mjane sasa, kabla ya msiba. Mjane wa mchungaji hutakiwa kuiacha nyumba ya usharika, na ni haki mchungaji mpya apate pa kukaa. Lakini usharika uliokula mezani pake miaka ishirini hauwezi kusema hauna deni kwake. Kila halmashauri ya usharika ijiulize atalala wapi, na wito wake mwenyewe utapewa nafasi gani.

8. Hitimisho

Niliporudi kwa mama likizo iliyofuata, nilimweleza habari za Katharina Schütz na wale wanaume 80. Aliuliza jambo moja tu: "Maji waliyapata wapi?" Sikuweza kumjibu. Katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya nyumba ile sikukumbuka mahali palipotajwa kisima.

Kisha nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza zamani: kama baba angemwuliza kwanza jioni ile, angesemaje? Mama akacheka. "Ningesema karibuni," alijibu. "Lakini ningelisema mimi."

Ndugu watumishi na wanafunzi, hilo ndilo nililotaka kulisema kwa kurasa hizi zote. Wakimbizi wale wangepokelewa kwa vyovyote, na chakula kingekuwa kile kile. Tofauti ni kwamba wangekaribishwa na watu wawili.